Kuchagua haibridi ya kuishi ndani mazima, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Wakuu habari. Kila nikipaki sehemu mtu akachungulia akaona godoro nyuma swali ni lilelile, "nkulungwa unalala humo kweli, na joto hili?" Nalala humo, mwaka wa pili sasa. Kazi yangu ni fundi wa printa na mashine za fotokopi, leo niko Mtwara mjini, kesho Tandahimba, keshokutwa shule fulani huko Nachingwea, nikaja kugundua chumba nilichopanga Chuno nakilala siku sita saba kwa mwezi na hela nyingine inaishia gesti. Nikapiga hesabu, nikamrudishia mama mwenye nyumba funguo, vyombo nikampa dada yangu, nikabaki na gari.

Sasa wengi wanachagua haibridi, yaani gari lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme na betri yake kubwa, kwa kuuliza inaenda kilomita ngapi kwa lita. Kwa mtu wa kuishi ndani hiyo ni hesabu ya mchana, na wewe shida yako ni usiku. Unanunua chumba chenye kiyoyozi kwanza, gari baadaye, na ukilishika hilo maswali ya kumuuliza muuzaji yanabadilika yote.

Anza na AC, kabla hujaangalia hata rangi

Gari la kawaida ukitaka AC usiku lazima injini ingurume mpaka alfajiri, mafuta yanaisha na majirani wanakuchukia. Haibridi kamili ni tofauti kwa sababu kompresa ya AC inazungushwa na umeme wa ile betri kubwa, haitegemei mkanda wa injini, kwahiyo unaliacha gari kwenye READY (yaani limewashwa, tayari kuondoka hata kama injini iko kimya), gia ipo P, AC inapuliza na injini imezima. Betri ikishuka injini inawaka yenyewe, inachaji dakika chache, inazima, inaenda hivyo hadi kunakucha. Siku za mwanzo utashtuka kila ikiwaka, ukizoea unaisikia kama jirani anasogeza kabati afu anaacha. Ya kwangu joto la Februari pale Mtwara inakula kama lita tatu kwa usiku mmoja. Newala naizima kabisa, juu kule usiku unatafuta blanketi mwenyewe.

Tatizo ni kwamba sio kila gari lenye kibandiko cha hybrid nyuma linafanya hivi. Kuna haibridi nyepesi, ambazo mota yake ndogo inaisaidia tu injini kuondoka, AC bado iko kwenye mkanda, injini ikizima unabaki unapuliziwa hewa ya vuguvugu. Serena S-Hybrid iko kundi hili, na Honda Fit haibridi zile za mwanzo, za 2010 mpaka 2013, pia kompresa yake ni ya mkanda. Sio magari mabaya, ila hayakufai kwa kulala. Zinazofaa na zinazopatikana kirahisi kwetu ni Toyota Prius kuanzia ile ya 2003 kuja juu, Prius Alpha, Aqua, Noah haibridi (hii ilianza 2014) na Estima haibridi ya kuanzia 2006.

Ukiwa na wasiwasi fungua boneti utafute mkanda. Prius ya 2009 kuja mbele na Aqua hazina mkanda hata mmoja, hata pampu ya maji ni ya umeme. Na hata kama hujui kufungua boneti, washa gari, weka AC mwisho, subiri injini izime yenyewe, weka mkono kwenye tundu la hewa uhesabu dakika tano. Hewa ikibaki ya baridi hiyo ni yenyewe, ikigeuka kuwa pumzi ya mbuzi muage muuzaji kwa heshima uondoke.

Jipime wewe mwenyewe, sio gari

Nina sentimita 178. Nilianza na Aqua, nikaipenda bei, nikaipenda mafuta, nikalala nimejikunja kama kamba aliyekaangwa kwa miezi mitatu mpaka kiuno kikasema basi. Aqua ina urefu wa mita nne kasoro kidogo tu, mtu mfupi anayelala peke yake anaweza akisukuma siti ya mbele mpaka mwisho na kuziba lile pengo la miguu kwa kreti ya soda, mrefu asijidanganye.

Prius ya kawaida ukilaza siti za nyuma unanyooka, ila paa limeshuka kwa nyuma kwahiyo kukaa kitako ni shida, unavaa suruali umelala chali kama mgonjwa. Prius Alpha ndio niliyonayo sasa, ile ya siti tano. Buti yake ni lita 535, paa linaenda mpaka nyuma halijashuka sana, na chini ya sakafu ya buti kuna vishimo vya kuficha vitu. Ya siti saba kuwa nayo makini kidogo, betri yake kubwa ni ya lithiamu na imewekwa katikati ya siti mbili za mbele, kwahiyo huo mpenyo wa kupita kutoka mbele kwenda nyuma haupo.

Noah haibridi ndio nyumba hasa. Injini ni 1.8 ya ukoo uleule wa Prius, betri kubwa iko chini ya siti za mbele kwahiyo nyuma kote ni kwako, tangi lita 50, milango inateleza, unakaa kitako unakunywa chai kama mtu. Ila ni nzito, na barabarani inakunywa kuliko Prius. Estima ina nafasi na mota ya umeme nyuma inayosaidia kwenye utelezi, tangi lita 65, ila injini ni 2.4 na hiyo utaisikia kwenye ushuru na kwenye pampu. Kama una familia angalia hizi mbili, kama uko mwenyewe unatafuta riziki Alpha inatosha.

Halafu nenda na tepu. Usikubali "inatosha tu mjomba" ya muuzaji. Pima kutoka mlango wa nyuma mpaka mgongo wa siti ya mbele iliyosukumwa, ongeza sentimita tano juu ya urefu wako maana vidole vya miguu navyo vinahitaji pa kukaa. Afu panda ulale, viatu vua, lala mgongo, lala ubavu, geuka. Watu watacheka yadini, wacheke.

Barabara zetu

Lami ya Mtwara hadi Lindi, kwenda Mingoyo mpaka Masasi, haina neno na gari la chini. Shida ni ukichepuka. Prius na Aqua chini zina nafasi ya sentimita 14 tu, ukiongeza godoro, madumu ya maji na vifaa vya kazi zinashuka zaidi, na mvua zetu zikianza mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili huko vijijini unakuta mitaro katikati ya barabara. Mchanga ndio mbaya kuliko. Msimbati nilienda kwa kiburi, tairi likaanza kuzunguka, na hizi haibridi tairi likiteleza kompyuta inakata nguvu kwahiyo unakanyaga mafuta gari linakutazama tu. Vijana wa pale wakalisukuma. Siku hizi nikifika Madimba naulizia hali ya njia kwanza.

Kama kazi yako yote iko porini, mfano unazungukia mashamba Liwale huko, kusema ukweli haibridi za chini sio zako, tafuta ile ya juujuu kama Harrier haibridi ukubali kulala kwa kubanana kidogo.

Betri kubwa, hapa ndio pa kutulia

Betri ya Prius ya kawaida ni vipande 28 vya nikeli vimeunganishwa mstari mmoja, kila viwili kompyuta inavisoma kama kimoja kwahiyo unapata jozi 14. Haifi yote kwa mpigo, kinakufa kipande kimoja kinawavuta wenzake, ndipo dashibodi inawaka mti wa Krismasi na skana, kile kidude cha kusoma makosa ya gari, inaandika P0A80, namba ya kosa la betri kubwa. Muuzaji mjanja anafuta hiyo namba asubuhi, wewe ukija saa nne gari safi, jioni taa imerudi.

Kwahiyo nunua skana ndogo ya OBD ya bluetuthi, ile ya kuchomeka kwenye soketi ya gari, pakua programu ya simu ya kusoma haibridi, Dr. Prius inajulikana, chomeka kisha uendeshe gari angalau nusu saa na AC ikiwa juu na kilima kiwepo. Angalia volti za jozi zote 14. Zikipanda na kushuka pamoja kama wacheza ngoma waliozoeana ni sawa, moja ikidondoka chini peke yake kila ukikanyaga mafuta huyo ndio mgonjwa. Huna skana? Angalia picha ya betri kwenye dashibodi, ikijaa haraka na kuisha haraka, dakika mbili juu dakika mbili chini, betri imechoka, maana uwezo wa kubeba umepungua kama dumu lenye mchanga ndani.

Huku kwetu kuna maadui wawili wa ziada. Joto, kwa sababu betri za nikeli zinachakaa haraka zikikaa kwenye joto, na chumvi ya baharini. Gari lililokaa Shangani au Mikindani miaka mingi vile vipande vya shaba vinavyounganisha betri vinaota ukijani, na wakati mwingine betri inasingiziwa imekufa kumbe ni hiyo kutu tu. Fundi anayejua anavifungua anavisafisha. Anayejua nimesema. Nyaya za rangi ya chungwa ndani ya haibridi zina volti 200 na zaidi, zinaua, usimruhusu fundi wa honi na redio azishike. Mafundi wa kweli wa haibridi wengi wako Dar, kwahiyo kabla ya kununua ujue huku kusini nani atakuangalizia, na kama hayupo weka akiba ya nauli na ya kubebewa gari. Na njia yenyewe sio ya kuamini siku zote, Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ya Dar ilikatika upande wa Kilwa, spea yako ingekuwa ng'ambo ya maji.

Kitu kingine kuhusu betri ambacho wauzaji hawasemi kwa sababu hawalali kwenye magari. Betri ina feni yake na feni inavuta hewa kutoka humohumo unamokaa. Kwenye Prius tundu liko ubavuni mwa siti ya nyuma, kwenye Aqua liko chini ya siti ya nyuma. Mimi nilitandika godoro vizuriii nikaziba kila kitu, nafika Ndanda mchana jua kali taa ikawaka, gari likapoteza nguvu, nikadhani nimeshalia. Kumbe betri ilikuwa inakosa hewa, kosa langu mwenyewe. Nikakata kona ya godoro pale kwenye tundu, nikaweka kipande cha neti kuzuia vumbi na nywele, na kila baada ya miezi kama sita nafungua feni naisafisha. Kwahiyo unapolikagua gari jiulize, godoro langu litakaa wapi na tundu liko wapi.

Injini na hivi vingine

Hapa nitapita haraka maana ni ukaguzi wa kawaida. Injini ya 1.8 ya Prius na Alpha ina ugonjwa wake unaojulikana, njia ya EGR, ile inayorudisha moshi kidogo kwenye injini, inaziba masizi na mwisho wake gasketi ya silinda hedi inaungua. Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ikiwaka kwa kutetemeka sana kama pikipiki mbovu au maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, achana nayo. Chungulia masega ya egzosti, kile kichujio cha moshi, kama yapo, watu wanayaiba wanauza. Sikiliza breki kama zinalia zii kila sekunde hata hujakanyaga.

Kama unaagiza Japani omba karatasi ya mnada. Inapewa daraja kama korosho tu, 4 na kuendelea ni nzuri, R maana yake limewahi kugongwa likatengenezwa, na kama korosho vilevile kuna waliotia maji kwenye gunia, kwahiyo linganisha kilomita za karatasi na za dashibodi. Ushuru piga kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela popote, gari likipita miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, likipita 10 ndio zaidi. Gari rahisi la Japani linaweza kuwa ghali bandarini.

Lala usiku mmoja kabla hujalipa yote

Hii wengi wanaona aibu kuiomba. Acha arbuni, andikishianeni, mwambie kaka naomba nilale nalo hata hapohapo yadini kwako na mlinzi wako yupo. Anayejiamini atakubali. Jaza mafuta ujue yako kiasi gani, saa tatu usiku washa READY, AC kwenye nyuzi 26, lala. Usiku kucha utajua mambo ambayo mwezi wa kuendesha usingekuambia, injini inawaka mara ngapi, ikiwaka inakuamsha au la, harufu ya moshi inaingia ndani au haiingii, taa za dashibodi zinakuchoma macho kiasi gani (kanga moja inamaliza hilo), na asubuhi mafuta yamepungua kiasi gani.

Kwenye moshi sitanii. Injini inajiwasha yenyewe umelala, egzosti ikiwa imetoboka hewa ya kaboni monoksaidi inaingia ndani na haina harufu wala rangi, unalala hauamki. Kwahiyo usilale na READY ndani ya gereji au kwenye kona iliyozibwa na kuta tatu, egzosti ielekee upande upepo unakoenda, kagua bomba lote kwa fundi wa kulehemu kabla ya usiku wa kwanza, na nunua kile king'ora kidogo cha kupima hiyo hewa. Nyasi ndefu kavu pia usipaki juu yake, bomba ni la moto.

Ukishalipata, mazoea ya kuishi nalo

Gia iwe P, sio N hata mara moja. Kwenye N haibridi haichaji betri yake, unaweza kuimaliza hivihivi. Na mafuta usiache yakauke. Injini ya Prius inawashwa na betri kubwa, haina stata ya kawaida, betri kubwa ikiisha kabisa huwezi kuboosti kwa waya kutoka gari la rafiki, hapo ni kubebwa tu. Mimi chini ya robo tangi silali. Ya kwenye chupa za kijijini naikwepa, najaza Masasi au Mtama kabla sijachepuka.

Kusikiliza redio au kuchaji simu usikae kwenye ACC, ile hatua ya redio tu kabla ya READY, hapo unakula ile betri ndogo ya 12 na hakuna kinachoichaji. Weka READY au zima. Kwa laptopu na vifaa vyangu vya kazi nina inveta ndogo nimeifunga kwenye betri ndogo nyuma na fyuzi yake, natumia kama wati 300 na naona inatosha, jiko la umeme sahau. Kuna magari ya Japani, Estima haibridi hasa, yanakuja na soketi ya wati 1500 ndani, uzuri wake ni mkubwa ila umeme wake ni volti 100 na tundu zake ni za plagi bapa mbili. Chaja ya laptopu iliyoandikwa 100 mpaka 240 inafanya kazi vizuri, ila rice cooker ya dukani Mtwara ya volti 230 itakupikia wali mpaka kesho asubuhi. Mimi napikia nje kwa mtungi mdogo wa gesi, mlango umefungwa, na siku nyingine nanunua ming'oko (viazi pori vya kuchemsha) na chai nalala.

Mbu, nilishona neti kwa fundi cherehani, zinavaa mlango mzima kama soksi, kioo unashusha na mbu hapiti. Zile siku za upepo unalala bila AC kabisa.

Wapi pa kulala

Mjini naomba kwenye uwanja wa gesti, nalipa kidogo, napata choo, bafu na mlinzi, rahisi kuliko chumba. Vijijini naripoti kwa mwenyekiti kwanza na kitambulisho mkononi, nasema mimi fundi wa mashine za shule, nalala hapa siku mbili, maana gari geni limepaki usiku injini inawaka inazima yenyewe hakuna mtu nje, hiyo ni story ya uchawi mpaka asubuhi. Msimu wa minada ya korosho kuanzia Oktoba ni raha, maghala yana walinzi na taa, na fotokopi zinaharibika kila siku.

Usipaki chini ya mnazi, hiyo mnajua. Chini ya mkorosho kivuli chake ni kizuri ila mabibo yakianza kudondoka juisi yake inang'ang'ania rangi ya gari na nyuki hawaondoki. Na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, kaa mbali na mashamba alfajiri, ndio muda wanaopuliza, lile vumbi la njano linaingia kwenye filta ya AC na macho yanawasha siku nzima. Mwaka jana niliamka Kitangari kioo chote cha njano, wapulizaji wanaendelea na kazi zao wala hawana habari, ikanibidi nizime AC, nivute shuka usoni nisubiri wamalize mistari yao.